Nyangumi wa Magunia Manane ya Viazi

Jamani, leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu nyangumi.

Kuna mnyama wa kubuni anayeitwa Wailord. Aliingia katika gemu za Pokémon mwaka 2002, zilipotoka Ruby na Sapphire, na wengi wetu tulimjua baadaye kwa zile programu za kuiga Game Boy tulizokuwa tukipakia kwenye kompyuta za saiba. Kwa mujibu wa gemu yenyewe, urefu wake ni mita 14.5. Uzito wake ni kilo 398.

Soma tena polepole, ndugu msomaji. Mita 14.5 ni matatu tatu za viti 14 zikiegeshwa pua kwa mkia. Kilo 398 ni magunia manane ya viazi, kilo 50 kila moja, na kilo mbili zimeibwa njiani. Mvuta mkokoteni wa Marikiti hubeba mzigo huo kabla hajanywa chai, akipanda Haile Selassie Avenue huku akipiga mluzi watu wampishe. Ukiiamini gemu hii, basi mtu mmoja mwenye mkokoteni na kamba imara anaweza kumfikisha nyangumi mzima Kawangware, akarudi mjini kuchukua wa pili.

Nyangumi wenye nundu wanaopita pwani yetu ya Watamu kati ya Julai na Septemba wana urefu wa karibu huohuo, mita 13 hadi 15. Hao huwa na uzito wa tani 25, 30 na zaidi. Tani! Na Wailord ni mnene kuliko wao. Amechorwa kama puto lililojazwa hadi karibu kupasuka.

Hilo la puto tulifanyie hesabu kabisa, maana kuna watu hudai Wailord ni mwepesi kuliko hewa. Chukua umbo la yai refu, mita 14.5, unene theluthi ya urefu. Ujazo wake unatoka kama mita za ujazo 177. Gawa kilo 398 kwa 177, unapata kilo 2.2 kwa kila mita moja ya ujazo. Huo ndio msongamano wake (sisemi ule wa Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni). Maji ni kilo 1,000. Hewa ya Mombasa ni kilo 1.2 hivi. Kwa hiyo bado ni mzito kuliko hewa, wanaodai vile wanatia chumvi. Lakini mpe unene wa nusu ya urefu, kama wanavyomchora wengine, na ujazo unafika mita 399. Sasa ni kilo moja kwa mita ya ujazo, ambayo ni karibu sawa na hewa ya Nairobi, mji ulioko mita 1,795 juu ya bahari. Angeelea juu ya Jivanjee Gardens kama moshi wa mahindi choma.

Walimu wa fizikia watanikatiza waseme ninachozungumzia ni tungamo, si uzito. Sawa, mwalimu. Lakini sokoni ni uzito, na leo tuko sokoni.

Mimi ni mwandika programu, na kinachonikera si kwamba namba moja ina kosa. Namba zina makosa kila siku. Kinachonikera ni kwamba kosa hili lina mpangilio. Tazama wanyama wadogo wa gemu hiyohiyo. Pikachu ana sentimita 40 na kilo 6. Hiyo ni sungura mkubwa aliyeshiba, hakuna wa kubisha. Snorlax, yule mvivu wa kulala, ana mita 2.1 na kilo 460. Ukizingatia tumbo lile, namkubali. Donphan, mwenye umbo la tembo, ana mita 1.1 na kilo 120. Nenda kwenye kituo cha watoto wa tembo walioachwa yatima, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ukawaangalie wakinyonya chupa. Mtoto wa tembo huzaliwa na kilo 100 hadi 120. Kwa hiyo kuna mtu pale Japani aliyekuwa na akili ya uzito.

Halafu mnyama anakuwa mkubwa na akili inapotea. Copperajah, tembo wa mwaka 2019, ana mita 3 na kilo 650. Tembo dume wa Afrika wa mita 3 na kitu hufika tani 5 hadi 6. Eternatus, joka la mwaka huohuo, lina mita 20 na kilo 950. Mita ishirini!

Ninaona wanachofanya. Wanakuza uzito kama wanavyokuza urefu. Mnyama akiwa mrefu mara kumi, wanampa uzito mara kumi, labda ishirini. Lakini mwili haukui upande mmoja. Unakua urefu, upana na kimo kwa pamoja, kwa hiyo mnyama mrefu mara kumi ni mzito mara elfu moja. Galileo aliliandika hili mwaka 1638, na kila fundi wa matangi ya maji Kariobangi analijua bila kumsoma Galileo. Mjaribu Pikachu mwenyewe. Mvute hadi afikie mita 14.5 za Wailord, yaani mara 36 na robo. Ukizidisha kilo zake 6 kwa urefu tu, unapata kilo 217. Ukizidisha kama mwili unavyotaka, unapata tani 286. Sasa uliza, kilo 398 za Wailord zimekaa karibu na jibu lipi?

Na Onix je? Huyu ndiye ninayempenda zaidi katika ubaya wake. Ni nyoka wa mawe. Si nyoka anayefanana na mawe, ni mawe matupu, miamba iliyoungana. Urefu mita 8.8, uzito kilo 210. Mwamba wa kawaida una kilo 2,600 hivi kwa mita ya ujazo. Kilo 210 za mwamba ni lita 80 tu, mitungi minne ya lita 20. Mtandaze huyo nyoka wa lita 80 kwa urefu wa mita 8.8 uone unene wake. Ni sentimita 10.8. Lile bomba la plastiki la inchi nne linalotoa maji taka kwenye ploti yako ndilo Onix. Kwenye picha mtoto anaweza kumpanda kichwani na kukaa. Kwenye hesabu angemshika kwa mkono mmoja.

Mtu ataniambia, labda mashine za zamani hazikuweza kuhifadhi namba kubwa. Nililitarajia hilo. Waliofumbua msimbo wa Pokémon Emerald, ya mwaka 2004, walionyesha jinsi uzito unavyohifadhiwa. Ni namba ya biti 16 isiyo na alama ya kutoa, na kizio chake ni sehemu ya kumi ya kilo. Biti 16 zinafika 65,535. Yaani kilo 6,553.5. Nafasi ilikuwepo ya kumweka tembo dume mzima! Ahmed wa Marsabit, yule tembo ambaye Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970 na akafa mwaka 1974, angeingia kwenye uga ule na meno yake yote. Sanamu yake iko uani pale Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Kaisimamie chini uione, kisha urudi useme kilo 650. Sanamu yenyewe ni ganda la faibaglasi, lakini haijiiti tembo wa nyama.

Ila hakuna Pokémon aliyewahi kuvuka kilo 999.9. Hata walipotaka kusema "huyu ni mzito kupita kiasi", kama Cosmoem wa mwaka 2016 mwenye sentimita 10 tu, waliandika 999.9 wakaishia hapo. Huyo Cosmoem simlaumu, kwa sababu ni kiumbe cha nyota na uzito wake ni mzaha wa makusudi: ukimchukulia kama mpira, ana msongamano mara themanini na kitu kuliko osmiamu, metali nzito kuliko zote tunazozijua. Mtu aliyeandika namba ile alikuwa anafikiria. Aliyeandika ya Wailord alikuwa anajaza fomu.

Na usifikiri namba hizi ni mapambo. Tangu gemu zilezile za Ruby na Sapphire, pigo linaloitwa Low Kick hupima nguvu zake kwa uzito wa anayepigwa: chini ya kilo 10 nguvu ni 20, kilo 200 kwenda juu nguvu ni 120. Kwa hiyo programu inasoma uga huu na kuamua nani anaumia. Ni data inayofanya kazi. Halafu kuanzia kilo 200 kwenda juu yote ni mamoja, nyangumi na fahali wa Kimaasai aliyenona.

Sasa nije kwa wanaonijibu "ni gemu tu, bwana."

Ingia kibanda chochote cha gemu Kawangware au Kangemi, wale vijana wanaolipa kwa mechi na kugombania kidude cha mkononi. Wanacheza mpira. Kwenye gemu ile kila mchezaji ameandikiwa urefu na uzito wake, na vijana wanabishana kuhusu namba hizo kuliko wanavyobishana kuhusu mtihani. Mweke Victor Wanyama pale, mita 1.88, halafu mwandikie kilo 5. Kibanda kitalipuka kwa kelele. Watasema gemu imeharibika, watadai pesa zao. Lakini kilo 5 kwa Wanyama ni uongo mdogo kuliko kilo 398 kwa Wailord! Mbona huyo mwingine hatumpigii kelele? Kwa sababu mtu tunamjua, mnyama mkubwa hatumjui. Wengi wa wanaocheza, na wengi wa wanaotengeneza, hawajawahi kusimama kando ya kitu chenye uhai cha tani tano. Sisi tuna bahati, tuko nao umbali wa nauli ya matatu, na bado tunanakili namba za watu ambao hawajawaona.

Wengine husema ni uchawi, ni viumbe vya ajabu, visihukumiwe. Sina ugomvi na uchawi. Ateme moto, apotee na kutokea, azungumze na mizimu, yote sawa kwangu. Ila ukiandika "kilo" umeacha ndoto yako na kuingia kwenye kipimo changu. Kilo ni ile ninayonunulia unga. Ukitaka uhuru andika Wailord ana uzito wa vizimwi 398, na mimi nitanyamaza leo hii.

Hoja yenye uzito (samahani) ni ya wenzangu wa kazi. Wanasema injini za fizikia hazipendi uzito wa kweli. Ni kweli. Ukiunda kitu kipya Unity na kukipa Rigidbody, kinaanza na tungamo la kilo 1, liwe yai au jumba. Box2D inakuonya mapema kwamba uwiano wa uzito ukizidi kumi kwa moja, vitu vilivyopangana huanza kuyumba na kutetemeka. Unreal hupiga hesabu ya ujazo na msongamano, kisha kwa kawaida hupunguza jibu kwa kipeo cha 0.75, kwa sababu vitu vikubwa aghalabu vina uwazi ndani. Hayo yote ni maamuzi ya fundi mwenye akili na nayaheshimu. Lakini hiyo ni namba ya injini. Namba ya kumwonyesha mchezaji kwenye skrini ni nyingine. Tengeneza viga viwili! Kimoja cha injini, kipe jina lolote. Kingine andika kilo, na ziwe kilo. Kumbukumbu ya simu ya bei rahisi kabisa pale Luthuli Avenue inatosha kuhifadhi uga wa pili kwa kila mnyama ambaye binadamu amewahi kumbuni.

Na kwa nini nalivalia njuga hapa Nairobi, si Tokyo? Kwa sababu nchi hii inajua uchungu wa namba ya uzito iliyojazwa ovyo. Mkulima wa viazi wa Nyandarua ameuza gunia "moja" kwa miaka mingi, na gunia hilo moja lilikuwa limeshonewa kichwa cha ziada hadi likapita kilo 100. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Kuna sheria nzima ya vipimo na mizani, Sura ya 513. Katikati ya mji mtu anakaa na mizani yake kando ya barabara, unampa shilingi chache anakupima, na watu wanashuka pale wakikunja uso. Kila mama amebeba kile kitabu cha kliniki ambamo uzito wa mtoto unachorwa nukta kwa nukta, na amemwona mwanawe akining'inizwa kwenye mizani kama mkungu wa ndizi akilia. Anajua mstari ukishuka maana yake nini.

Vijana wanaojifunza kuandika programu kwa kutengeneza gemu ndio haohao kesho wanaandika mifumo ya zahanati. Nimeona mfumo wa hospitali moja, siitaji, ambao uga wa uzito wa mtoto mchanga ulikubali 350 badala ya 3.5 bila kuuliza swali. Dawa ya watoto hupimwa kwa kilo. Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, na kuna dawa kali kuliko hiyo zinazopimwa vivyo hivyo. Muuguzi aliliona kosa kwa macho, kwa sababu mtoto alikuwa mbele yake na hakuwa fahali. Aliyetengeneza mfumo alipoulizwa alisema, "Si mtumiaji ataona?" Sentensi hiyohiyo nimeisikia kwa watu wa gemu kuhusu majoka yao, neno kwa neno.

Sisemi Pokémon ilimfundisha. Nasema mkono unaozoea kujaza uga wa uzito kwa chochote kinachoonekana kikubwa hauulizi uko kwenye mradi gani.

Kuna rafiki yangu, kijana wa Uthiru, anatengeneza gemu yake jioni baada ya kazi. Sio wa kwanza kuvamiwa na viumbe mjini humu. Nairobi X ya mwaka 2015 ilileta wageni wa anga hadi mitaani kwetu. Ya huyu ina mamba mkubwa, mita 30, anayetoka mtoni na kupanda KICC hadi juu. Nilipofungua faili lake la data nilikuta uzito: 900. Nikamuuliza 900 gani. Akasema kilo, ni nyingi, si ndiyo?

Tukakaa na karatasi. Mamba wa Mto Naili mwenye mita 5 anaweza kufika kilo 700. Mita 30 ni mara sita. Sita mara sita mara sita ni 216. Kilo 700 mara 216 ni tani 151. Hayo ni malori karibu matatu yaliyojazwa hadi kikomo cha tani 56 cha Afrika Mashariki, yamesimamishwa juu ya miguu minne. Na mifupa ya miguu hiyo, kwa sababu nguvu zake zinategemea unene wake tu, imeongezeka mara 36 peke yake. Kila mfupa unabeba mzigo mara sita kuliko wa babu yake wa mtoni. Huyo mamba hapandi KICC. Hapandi hata ngazi za Uhuru Park. Helipadi iliyoko juu ya jengo lile, mita 105 kutoka chini, ilijengwa kwa ajili ya helikopta.

Alikasirika kidogo, maana picha ya kupanda ilikuwa ndiyo bango lake. Tukabishana hadi maji ya chai yakakauka kwenye jiko. Wiki mbili baadaye alinitumia toleo jipya. Mamba hapandi tena. Anatembea polepole sana, na kila anapoweka mguu Harambee Avenue lami inazama na mabomba ya maji yanapasuka, mtaa unajaa maji, na maji ndiyo anayotaka kwa sababu ndani ya maji uzito wake unabebwa na anaweza kukimbia. Mchezaji sasa hampigi risasi. Anakimbia mbele yake akifunga vali za maji, mtaa kwa mtaa, kuanzia mjini hadi Westlands, ili mamba akwame pakavu na alemewe na mwili wake mwenyewe. Kwenye faili, ule uga umeandikwa 151200, na kando yake kuna uga wa pili wa injini, wenye 40.